Kioo Kinachofifia Chenyewe

Kijiko cha bati kilikwangua majivu ya jiko la mbabula, taratibu, kama kinaogopa kumwamsha mgeni. Nje kulikuwa giza bado. Marguerite alikuwa macho tayari. Alipapasa kando ya mto, akaipata saa yake ya mkononi, akaisogeza karibu na uso. Saa kumi na moja kasoro robo.

Zilibaki saa tano na robo.

Sheria iliruhusu kumshikilia mtu kwa saa arobaini na nane, si zaidi. Bulaimu, fundi wa simu na kompyuta kutoka Salamabila, alifungiwa juzi saa nne asubuhi katika posti ndogo ya polisi hapa Wamaza. Leo saa nne, ama aachiwe, ama apandishwe pikipiki apelekwe Kasongo mbele ya mwendesha mashtaka, akiwa na jina la mwizi. Wa kuamua alikuwa Marguerite. Alikuwa OPJ, mpelelezi wa polisi, kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na hajawahi kumtuma mtu Kasongo kwa mashaka matupu. Jambo hilo alijivunia, wala hakulificha.

Alitoka nje. Mama Jeannette, mjane aliyempokea alipofika jana kutoka Kasongo, alikuwa ameinama kwenye mbabula akipuliza makaa. Usiku alimpa mgeni kitanda chake, mwenyewe akalala kwenye mkeka.

"Mama OPJ, uliamka?"

"Niliamka, Mama. Na wewe hukulala?"

"Muzee analala nini? Maji ya kuoga iko moto. Nilikuwekea nyuma ya nyumba, na sabuni iko pale juu ya jiwe."

Marguerite alioga, akavaa sare yake, akaketi kula mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai. Daftari lake lilikuwa wazi kwenye goti.

"Huyu fundi unamjua?"

"Bulaimu? Alitengeneza redio yangu mwaka jana. Nikamuuliza anadai nini. Akasema, 'Mama, ilikuwa waya moja tu, unipe maji ya kunywa.' Akakunywa, akaenda."

Marguerite aliandika. "Na Papa Octave, aliyemshitaki?"

"Eh, Octave!" Mama Jeannette alicheka mpaka akakohoa. "Ule anajivuna, lakini kujivuna kwake iko na sababu. Miaka tatu aliandika barua juu ya ile mashini, ile kompyuta ya kituo cha afya. Miaka tatu, Mama! Kituo chetu kilikuwa kinaandika kwa mukono tu. Siku ilipofika, alikataa motari asiibebe kwa pikipiki. Aliibeba mwenyewe kifuani kama mutoto, kutoka mutoni mpaka kwenye kituo. Wamama wakapiga vigelegele. Wajukuu wangu wawili wameandikwa ndani yake."

"Basi mtu anayependa kitu namna hiyo anaweza kuona mwizi mahali ambapo hakuna mwizi."

"Hiyo ni kazi yako, mimi sijui." Alimsogezea sahani. "Ongeza muhogo. Hutafikiri muzuri na njaa."

* * *

Posti ya polisi ilikuwa na vyumba viwili. Katika kile cha ndani, Bulaimu alikuwa ameketi sakafuni juu ya blanketi la kijani la polisi. Blanketi hilo lilikuwa la Iliasi, askari wa zamu. Iliasi mwenyewe alikuwa amejikunyata mlangoni na shati tu, akipiga chafya.

"Ulilala na nini, Iliasi?" Marguerite aliuliza.

"Na ujana wangu, Mama."

"Unao mwingi?"

"Usiku wa leo umekwisha wote."

Bulaimu alisimama Marguerite alipoingia. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, na vidole vyake vilikuwa na madoa madogo ya kuungua kwa risasi ya kuunganishia nyaya. Marguerite alivitazama vidole hivyo kabla ya kumtazama usoni. Kisha akaweka daftari mezani.

"Tunaanza tena. Papa Octave anasema wiki tatu zilizopita alikupa kompyuta ya kituo cha afya cha Mapendo, nzima, ila haiwaki. Ukaenda nayo Salamabila siku nne. Ulipoirudisha ikawaka, lakini kioo chake kikaanza kufifia na kung'aa chenyewe. Anasema ulichukua kioo kizuri ukaweka kibovu. Unasema nini?"

"Nasema sikugusa kioo."

"Uligusa nini?"

"Tundu la chaja, lilikuwa limelegea. Na feni yake. Mama, ile feni ilikuwa imejaa vumbi kama gunia la unga. Mashini ilikuwa inashindwa kupumua. Nilipanguza, nikaunganisha tundu, nikafunga. Ni yote."

"Ulimwambia nani kuhusu vumbi?"

"Nilimwambia Mama Julienne, mkunga, maana ni yeye anaandika ndani. Nilisema, 'Mama, adui wa mashini hii ni vumbi. Muilinde.' Akanishukuru sana."

Marguerite aliandika maneno yote, hata ya shukrani. Alikuwa akiandika PV yake, hati rasmi ya maelezo, kwa Kifaransa kama ofisi inavyotaka, lakini kila ukurasa ulipokwisha alimsomea Bulaimu kwa Kiswahili, na kumuuliza kama ndivyo alivyosema.

"Juzi ulikuwa unafanya nini Wamaza?"

"Nilikuwa napita kwenda Kasongo kutafuta vipuri. Nikasema niingie kusalimia na kuuliza mashini iko namna gani. Papa Octave akanishika shati mbele ya wamama wote kwenye baraza." Alinyoosha ukosi wa shati lake. "Mwizi gani anarudi kusalimia, Mama?"

"Wapo wanaorudi. Nimewaona." Marguerite hakuinua macho. "Nipe kitu cha kushika. Maneno yako ni maneno, na yake ni maneno."

Bulaimu alifikiri. Vidole vyake vilichora mraba hewani.

"Pembeni za kioo, kwenye fremu, iko vizibo vinne vidogo vya mpira. Chini yake iko skrubu. Kiwandani wanavibandika na gundi. Fundi akitaka kutoa kioo, lazima avichokonoe. Vikichokonolewa haviwezi kukaa tena kama zamani, vinabaki na alama. Angalia ile gundi, Mama. Angalia na vumbi lake."

"Na kama fundi ni hodari sana?"

"Mimi ni hodari sana," alisema Bulaimu, na kwa mara ya kwanza kidevu chake kiliinuka. "Na mimi siwezi. Kwa hiyo hakuna anayeweza."

Iliasi alicheka mlangoni, akapiga chafya. Marguerite naye aliuma midomo asicheke, akafunga daftari.

"Iliasi, jana Papa Octave alipoleta kompyuta hapa nikiwa njiani, ilikaa juu ya meza hii muda gani?"

"Saa nzima, Mama. Ilikuwa imewashwa. Mimi niliitazama."

"Kioo kilibadilika mara ngapi?"

"Hata mara moja. Papa Octave alikasirika. Aliipigapiga begani kama anaamsha mulevi. Akaipakia ndani ya mufuko wake, akaenda."

Marguerite alisimama. Saa moja na dakika ishirini.

"Hapa haibadiliki, na kule inabadilika," alisema. "Basi kitu tunachokitafuta hakiko ndani ya mashini. Kiko kule."

* * *

Kituo cha afya cha Mapendo kilikuwa na baraza refu, na wamama kumi hivi wenye watoto wachanga walikuwa wamekwisha kaa kwenye benchi, maana ilikuwa siku ya chanjo. Octave, msimamizi, alimngoja mlangoni akiwa na koti la suti na kalamu tatu mfukoni. Alimsalimu mpelelezi kwa mikono miwili.

"Mama OPJ, karibu. Ofisi tumeipanga vizuri kwa ajili yako."

Kweli ilikuwa imepangwa. Sakafu ya saruji ilikuwa na maji bado. Kompyuta ilikuwa peke yake katikati ya meza tupu, kama sanduku la kura. Nyuma ya meza alisimama Julienne, mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, amevaa koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa hadi kwenye mikunjo ya mfukoni.

Marguerite hakuketi. Aliinama karibu na kioo na kutafuta pembe nne. Vizibo vilikuwepo. Alitoa kioo cha kukuzia kwenye mfuko wake, akavitazama vizibo kimoja baada ya kingine. Gundi ilikuwa ya manjano, nzima, imeshika vumbi la muda mrefu ambalo limekuwa kama ngozi. Hakukuwa na mchubuko hata mmoja.

"Papa Octave, njoo uone. Kioo hiki hakijawahi kutolewa."

Octave alitazama muda mrefu. Kisha akajiweka sawa.

"Mama, ule ni fundi. Fundi anaweza kurudisha hata vumbi."

"Anaweza kurudisha hata vumbi?"

"Kama hakubadilisha kioo, basi aliharibu kitu kingine. Kabla ya mikono yake kioo hakikuwa kinacheza. Baada ya mikono yake, kinacheza. Niambie wewe, Mama, ni nani tena?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Marguerite aliliandika kama lilivyo. Vizibo vilimtoa Bulaimu kwenye wizi wa kioo. Havikueleza kwa nini kioo kinafifia. Mwendesha mashtaka angeuliza vilevile.

"Mama Julienne, wewe ndiye unayeitumia. Nieleze."

Julienne alifungua mtoto wa meza akatoa daftari la shule. Ndani yake, kwa mwandiko wa duara wa mtu aliyefundishwa na masista, alikuwa ameandika kila mara kioo kilipobadilika: siku, saa, na kilichokuwa kinatendeka. *Saa mbili na kumi, kimefifia, mama wa mapacha anaingia. Saa mbili na kumi na mbili, kimerudi. Saa tatu kamili, kimefifia, Papa Octave anafungua mlango.* Kurasa nne nzima.

"Nani alikuambia uandike hivi?"

"Hakuna, Mama. Mwanamke akiwa na uchungu, naandika kila mara tumbo linapokaza. Nilifikiri na mashini ni vilevile."

Marguerite alimtazama kwa heshima. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa amepokea ripoti za maofisa wenye nyota mabegani zisizofikia daftari hili.

"Kazi nzuri sana," alisema. Julienne aliinamisha kichwa, na uso wake ukang'aa.

Walianza na umeme. Julienne alikuwa na wazo: labda ni paneli za jua juu ya bati, wingu likipita chaja inakosa nguvu na kioo kinalegea. Lilikuwa wazo la akili. Marguerite alitoka nje, akatazama juu. Mbingu ilikuwa na mawingu yanayokwenda mbio. Alirudi, akamwomba Julienne aandike huku yeye akihesabu mawingu kupitia dirishani. Yalipita sita. Kioo hakikutikisika. Wakachomoa chaja, mashini ikatumia betri yake peke yake. Wakairudisha. Hakuna kitu.

Kisha mlango. Daftari lilisema mara nyingi mtu akiingia, kioo kinafifia. Marguerite alimpanga Octave kuwa mwenye kuingia. Octave akatoka, akaingia. Akatoka, akaingia. Upepo wa baraza ulivuma ndani kila mara, karatasi za ukutani zikapepea. Mara ya saba wamama kwenye benchi walianza kuhesabu kwa sauti.

"Papa Octave, leo unatafuta nini humu ndani?" mmoja aliuliza.

"Anatafuta akili yake," mwingine akajibu, na benchi lote likacheka.

Mara kumi na moja. Kioo kilikaa kimya, cheupe, kama hakijawahi kutenda kosa lolote. Jasho lilimtoka Octave, naye hakutaka kuvua koti.

"Unaona?" alisema, akihema. "Ule fundi amekwisha kuitengeneza! Anaongoza mashini yetu kwa simu akiwa kule ndani, ili tuonekane waongo!"

"Simu yake iko ndani ya mfuko wangu, Papa Octave. Tangu jana. Imezimwa."

Octave alipangusa jasho kwa mkono wa koti.

Saa mbili na nusu ilikuwa imepita. Marguerite aliketi kwa mara ya kwanza. Alifungua daftari la Julienne akalisoma tena polepole, mstari kwa mstari, kidole kikienda chini ya maneno. Mara ya kwanza kioo kufifia: Jumanne. Mashini ilirudi lini? Ijumaa iliyotangulia. Mashini yenyewe ilionyesha kwamba tangu Ijumaa hadi Jumanne mkunga alikuwa ameandika watoto tisa ndani yake, na daftari halikuwa na neno lolote kuhusu kioo.

"Mama Julienne, hapa iko siku tatu za kazi bila shida. Fundi alikuwa amekwisha kwenda zake. Ni nini kiliingia katika chumba hiki Jumanne?"

Julienne alifikiri. "Hakuna kitu, Mama. Kazi tu. Mtoto wa Jumanne alikuwa na kilo tatu na nusu."

"Na jana jioni je? Uliacha ofisi iko namna gani, na leo asubuhi ukaipanga namna gani?"

"Tulifagia tu, Mama. Tukaosha. Tulisikia mgeni wa serikali anakuja kutoka Kasongo, hatukutaka aone uchafu wetu."

Marguerite aliweka kalamu chini. Alikuwa amefanya kosa la mwanzo kabisa la mpelelezi, na alilitambua papo hapo: alikuja kutazama mahali pa tukio baada ya watu wema kupapamba kwa ajili yake.

"Rudisheni kila kitu," alisema. "Kila kitu kama kilivyokuwa wiki iliyopita. Hata uchafu."

Walirudisha. Kalenda, kopo la kalamu, sanduku la kadi za chanjo, mizani ya watoto. Julienne akatoka nje mpaka kwenye kamba ya nguo, akarudi amebeba kitu mikononi kwa uangalifu, bado kina harufu ya sabuni.

Kilikuwa kitambaa cha kroshe, cheupe, kikubwa kama mkeka mdogo wa kusalia, kimefumwa maua, na pembeni kina vishada virefu vya uzi wa buluu. Alikitandaza nyuma ya kompyuta, akakipitisha juu ya kioo kilichofunguliwa kama anayemvika bibi arusi shela, vishada vikaning'inia mbele juu ya fremu. Havikufunika maandishi hata kidogo. Akavinyoosha kwa vidole.

"Nilikiosha jana kwa ajili yako," alisema. "Ndicho kinakinga vumbi."

Octave alikuwa akiingia mlangoni akirudisha benchi la ofisi. Upepo ukaingia pamoja naye. Vishada vikacheza.

Kioo kikafifia.

Upepo ukapungua, vishada vikatulia upande mwingine, na kioo kikang'aa tena.

"Papa Octave," alisema Marguerite, "toka, uingie."

Octave alitoka akaingia bila kubisha. Kikafifia. Kikarudi. Marguerite alishika kishada kimoja kimoja kwa ncha za vidole, akakiinua na kukiteremsha. Cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, hakuna kitu. Alipofika katikati, kando ya jicho la kamera, kioo kikatii mkono wake: akifunika, kinafifia, akifunua, kinang'aa. Aliondoa kitambaa chote, akaweka ncha ya kidole mahali pale. Kikafifia. Aliinama na kioo chake cha kukuzia. Kulikuwa na kijitundu kidogo kuliko kichwa cha sindano.

"Nani alifuma hiki?" aliuliza.

"Mimi," alisema Julienne. "Fundi alisema vumbi ni adui. Kila jioni baada ya kazi, na Jumapili nzima, nilifuma bila kupumzika. Jumanne nikakileta." Machozi yakaanza kumtoka. "Mama, basi ni mimi. Nimemfunga mutu mwema kwa mikono yangu."

Marguerite alimshika mkono, akamkalisha kwenye kiti chake.

"Sikiliza, mwanangu. Hiki kitambaa hakikuiba kitu. Wewe ulilinda mashini, na daftari lako ndilo limetufikisha hapa. Bila siku tatu hizi ulizoandika, nisingeuliza. Nitaandika hivyo katika PV, na jina lako."

Kisha akageuka kumtazama Octave, lakini Octave alikuwa akitazama sakafu.

* * *

Iliasi alimleta Bulaimu kwa miguu, bila pingu. Ilikuwa saa tatu na robo. Marguerite alimwonyesha kitambaa, vishada, kijitundu. Bulaimu alitazama mara moja tu, akajipiga paji la uso.

"Eh! Ni jicho lake! Linapima mwanga wa nyumba, Mama. Likiona giza, linadhani ni usiku, linapunguza kioo kisiumize macho na kisimalize betri. Kile kishada kilikuwa kinaliziba. Mngeniacha niingie humu juzi, ningewaambia kwa dakika moja."

"Hilo nalo nitaliandika," alisema Marguerite.

"Na linaweza kuzimwa?" Julienne aliuliza.

Bulaimu aliketi. Alifungua *Paramètres*, mahali pa kupanga mashini, akaenda kwenye mambo ya kioo, akateremka polepole ili mkunga afuate kwa macho. Palikuwa na mstari mmoja na alama ndogo ya kukubali, unaosema kwamba mwangaza ubadilike wenyewe kufuatana na nuru ya mahali. Hakuondoa alama yeye. Alimpa Julienne kipanya.

"Ondoa wewe, Mama. Mashini ni yako. Halafu hapa chini weka mwangaza unaoutaka, utakaa palepale."

Julienne alibonyeza. Octave, bila kuambiwa, alitoka akaingia, na upepo wake. Vishada vilicheza juu ya kijitundu. Kioo hakikujali.

"Kitambaa kikae?" Julienne aliuliza kwa woga.

"Kikae. Ni kizuri sana. Ila nyuma, kwenye feni, usikifunike, ipumue."

Marguerite alijaza ukurasa wa mwisho, akasaini, akatazama saa yake. Saa tatu na dakika arobaini. Alirudisha simu na kifurushi cha vifaa.

"Bulaimu, uko huru. Hakuna wizi, hakuna uharibifu. Unaweza kwenda Kasongo kutafuta vipuri vyako."

Bulaimu hakusogea.

"Siendi, Mama."

"Namna gani huendi?"

"Mimi sina duka. Niko na meza moja sokoni Salamabila. Mutu ananiachia simu yake na kila kitu kilicho ndani, haniombi karatasi, anajua jina langu tu. Nilishikwa pale barazani, mbele ya wale wamama. Wamekwisha kwenda nyumbani wamesema. Nikitoka kimyakimya kwa mlango wa nyuma, hata PV yako haitanisaidia." Sauti yake haikupanda. "Aliyesema mwizi kwa sauti, aseme na hili kwa sauti."

Marguerite alifunga kalamu yake. Sheria haikumpa uwezo wa kumlazimisha Octave. Alimtazama tu, akangoja, kama alivyojua kungoja.

Octave alisimama karibu na meza, mkono juu ya kompyuta aliyoibeba kifuani tangu mtoni. Alivua koti lake, akalikunja, akaliweka kitini. Bila koti alionekana mdogo zaidi, na mzee zaidi. Akatoka barazani. Wamama wakamgeukia. Mtoto mmoja alikuwa analia, mama yake akampa ziwa.

"Wamama," alisema, "juzi hapa nilisema huyu mutu ni mwizi. Nilimshika shati. Mliona." Alipaza sauti. "Nilisema uongo bila kujua, lakini ni uongo. Hakuiba kitu. Aliponya mashini yetu, na mwenyewe alirudi kuiuliza hali. Mama OPJ amepima kila kitu, iko ndani ya karatasi. Mkifika nyumbani, pale mliposema la kwanza, mseme na hili. Mseme jina lake. Ni Bulaimu, fundi wa Salamabila."

Mwanamke aliyemtania asubuhi akasimama na mtoto wake mgongoni.

"Fundi," alisema, "simu yangu inakataa kuchaji. Utaiangalia hapahapa ama mpaka nije Salamabila?"

"Lete," alisema Bulaimu.

Alifungua vifaa vyake kwenye ngazi ya baraza, jua likimpiga mgongoni. Simu zikaja tano, sita. Iliasi alileta yake pia, na blanketi lake kwapani. Julienne alimpelekea chai, akarudi ndani kuandika watoto, na mwanga wa kioo chake ulikaa sawa usoni mwake. Marguerite alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki tayari, mfuko wa hati kifuani, lakini alimwambia motari angoje kidogo. Mtu aliyemkuta kifungoni alfajiri sasa alikuwa huru, na alitaka kumtazama.

Saa nne ilipita. Bulaimu alimaliza simu ya mwisho, akafunga kifurushi, akaaga wamama mmoja mmoja. Alipofika kwenye njia, Octave alimfuata kwa hatua za haraka, mikono mitupu, bila kalamu wala koti. Walisimama wakitazamana. Octave alinyoosha mkono, na Bulaimu, baada ya kungoja kidogo, akaupokea.

"Fundi," alisema Octave, bila kuuachia, "ukitoka Kasongo utapita tena njia hii?"

"Nitapita. Njia ni hii moja."

"Basi usipite tu. Ingia. Mke wangu atapika, utalala kwangu. Nakuomba, baba. Ingia tena."